Kikombe cha shilingi 500: uchambuzi wa kisa cha Samunge, Loliondo, 2011

Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, alianza kunywesha watu kikombe kijijini Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mwaka 2010. Alisema ameoteshwa na Mungu: achimbe mizizi ya mti ambao Wasonjo wanauita mugariga, aichemshe, awape wagonjwa. Kikombe kimoja, mara moja tu, shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa UKIMWI, kisukari, shinikizo la damu, saratani na pumu. Kufikia Machi 2011 magari yalikuwa yanamiminika kutoka kila kona ya Tanzania, Kenya na Uganda, na wenye nacho wakishuka kwa helikopta. Mwishoni mwa mwezi huo Mwasapile mwenyewe, ambaye watu walimwita Babu, akaomba watu wapya wasije hadi baada ya tarehe 1 Aprili, kwa sababu takriban watu 24,000 walikuwa bado kwenye foleni. Vyombo vya habari viliripoti kuwa watu wapatao 50 walikuwa wameshafariki wakisubiri.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaokicheka, kwamba nchi nzima ilirogwa na mizizi, na wapo wanaokitetea kama muujiza uliopigwa vita. Namna zote mbili hazimsaidii mchungaji, shehe au muuguzi atakayekutana na kikombe kingine, na vikombe vingine vilikuja mwaka uleule: Mbeya, Tabora na Rombo walijitokeza watu waliosema nao wameoteshwa. Kwa mtazamo wetu, kikombe cha Samunge kilikuwa tendo la ibada, kikahukumiwa na kila mtu kama dawa ya hospitali. Waliokipenda walikihukumu hivyo, na waliokipinga vilevile. Madhara makubwa yalitokea kwenye mwanya uliobaki kati ya viwili hivyo.

Kwa nini walikwenda

Jibu la haraka ni umaskini na kukosa elimu. Halisimami. Nauli ya kufika Samunge ilikuwa makumi ya maelfu ya shilingi, na kwa wengine laki na zaidi, kwa hiyo maskini kabisa hakufika. Waliofika ni pamoja na wafanyabiashara, maofisa, wasomi na mawaziri. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi na mwenye shahada za kemia, alipigwa picha akipokea kikombe.

Jibu linaloshika zaidi linaonekana ukiweka Samunge kando ya sehemu mbili ambazo mgonjwa alikuwa ameshapita: kliniki na kwa mganga.

Kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, ile inayoitwa CTC, ina siku zake, benchi lake na kadi yake. Ukikaa kwenye benchi lile, jirani yako ameshajua. Miaka hiyo pia dawa za kupunguza makali hazikutolewa kwa kila aliyepimwa na kukutwa na virusi. Mgonjwa alisubiri CD4, yaani chembe za kinga za mwili, zishuke chini ya kiwango kilichowekwa, na utaratibu wa kumwanzishia kila mtu dawa mara moja ulikuja Tanzania mwaka 2016. Maana yake, mwaka 2011 kulikuwa na watu wengi walioambiwa kwamba wana ugonjwa usiopona, kisha wakaambiwa warudi nyumbani, waje baada ya miezi kadhaa kupimwa tena. Mtu huyu hana kidonge wala ratiba, ana habari mbaya tu na muda wa kuiwaza. Watoa huduma wengi hawakuliona kundi hili kwa sababu halikuwa kwenye daftari la dawa.

Kwa mganga mambo ni mengine. Mganga anauliza, anapiga ramli, na mara nyingi anamtaja mtu: shangazi, jirani, mke mwenza. Unatoka na dawa na uadui mpya. Bei nayo haina mwisho, leo kuku, kesho mbuzi.

Samunge haikuuliza kitu. Aliyekuja na kisukari, aliyekuja na VVU na aliyekuja na pumu walisimama foleni moja, wakanywa kikombe kilekile, wakalipa shilingi 500 zilezile. Hakuna aliyejua wa pembeni yake anaumwa nini. Kikombe kimoja kwa magonjwa yote kilionekana na wataalamu kama udhaifu wa wazi, kwani hakuna mzizi unaotibu saratani na pumu kwa pamoja. Kwa mgonjwa aliyechoka kukwepa macho ya watu, huo ndio uliokuwa uzuri wake. Familia iliweza kusema wazi, "Tunampeleka baba Loliondo," jambo ambalo isingelisema kuhusu CTC.

Tena hakutajwa mchawi. Aliyetoa kikombe alikuwa mchungaji mwenye miaka ya utumishi, na Askofu Thomas Laizer wa KKKT alimuunga mkono hadharani. Mkristo aliyekuwa anaona haya kwenda kwa mganga akapata njia ya kutumia mizizi ya porini bila kukosana na kanisa lake. Mwislamu hakutakiwa kuacha dini yake, na safari aliweza kuielewa kwa hadithi anayoijua tangu madrasa, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Wapo wachungaji, hasa wa makanisa ya kilokole, waliosema wazi kuwa huo ni uganga uliovishwa kola. Sauti yao haikufika mbali, na sababu moja ni kwamba wengi wao walikuwa na mikutano yao ya uponyaji.

Bei inastahili neno. Shilingi 500 wakati huo ilikuwa kama theluthi ya dola ya Marekani. Ni ndogo mno kwa mtu kusema ametapeliwa, lakini si bure, na kitu cha bure kwetu hakiaminiki. Waziri hakuongezewa kwa uwaziri wake. Kanuni ya pili ilikuwa kwamba kikombe hakibebwi kwenda nyumbani, na lazima kitoke mkononi mwa Babu. Mti wenyewe si wa ajabu. Ni Carissa, mtandamboo kwa Kiswahili, olamuriaki kwa Wamaasai, na unaota sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwenye kutaka mizizi angeweza kuchimba karibu na kwake. Babu mwenyewe alisema nguvu ni ya Mungu, si ya mti, na watu walimwelewa vizuri. Ndiyo maana walisafiri siku kadhaa kufuata mkono. Anayekumbuka historia atakumbuka Ngarambe, kusini mwa Rufiji, kabla ya vita vya Majimaji vya 1905. Huko nako watu wa makabila mbalimbali walisafiri kwenda kwa Kinjikitile kufuata maji, ingawa maji yanapatikana kila mto.

Foleni kwa hesabu

Kanuni ya mkono mmoja ndiyo iliyozaa foleni. Tuchukulie mtu anachota kikombe kila baada ya sekunde 5 bila kupumzika. Hiyo ni vikombe 720 kwa saa, na 7,200 kwa siku ya saa 10. Watu 24,000 wanahitaji siku tatu na zaidi, kama hajafika mtu mwingine hata mmoja. Umati ulipozidi, wasaidizi walibeba vikombe hadi kwenye magari ili watu wasishuke, jambo lililopunguza msongamano mlangoni, lakini mchotaji alibaki mmoja.

Sasa chukua viwango vya kawaida vya huduma za dharura: choo kimoja kwa watu 50 katika siku za mwanzo, na lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kwa watu 24,000 hivyo ni vyoo 480 na lita 360,000 kila siku, yaani matenki 36 ya lita 10,000. Samunge ni kijiji cha nyanda kame kisichoweza kutoa hata sehemu ndogo ya hayo. Njia kuu ilitokea Mto wa Mbu, ikapita Engaruka na kando ya Ziwa Natron, sehemu kubwa ikiwa vumbi na mawe, na Machi ni mwezi ambao masika huanza. Gari likikwama kwenye korongo, yaliyo nyuma yake yote yamelala.

Waliofia njiani si fumbo. Kuna wagonjwa walioondolewa wodini na ndugu zao, wengine wakiwa hawawezi kukaa, wakalazwa kwenye kiti cha nyuma kwa siku kadhaa. Mgonjwa wa saratani ya hatua za mwisho aliyeachishwa dawa ya maumivu, mwenye kisukari aliyekaa na njaa huku ameshachoma insulini, mwenye moyo aliyeishiwa vidonge siku ya pili kwa sababu walitegemea kurudi siku ileile: hawa wangeweza kutambuliwa Mto wa Mbu, kabla ya kupanda, kwa maswali mawili. Anaweza kukaa mwenyewe? Ana dawa za siku ngapi mfukoni? Serikali iliweka baadaye vituo vya kupanga magari. Kuhesabu magari kulifanyika vizuri kuliko kuangalia waliomo ndani.

Neno "salama"

Wizara ya Afya na taasisi zake zilichunguza kinywaji na kutangaza kwamba kwa uchunguzi wa awali ni salama kwa binadamu. Kwa mkemia sentensi hiyo ina maana moja finyu: ukinywa hutadhurika. Haisemi kitu kuhusu kupona. Mitaani ilisikika tofauti kabisa: "Serikali imepima, imekubali." Ongeza picha za viongozi wakinywa, na hapo hata daktari wa wilaya aliyekuwa na wasiwasi alikosa mahali pa kusimama. Atampingaje waziri?

Kulikuwa pia na nusu-ukweli wa kitaalamu uliozunguka. Watafiti wa Kenya walichapisha mwaka 2006 matokeo ya maabara yaliyoonyesha kwamba dondoo la mti huu linazuia virusi vya malengelenge, vya jamii ya herpes. Ni kazi nzuri, lakini virusi hivyo si VVU, na sahani ya maabara si mwili wa mtu. Tangazo ambalo lingefaa lingekuwa na vipande vitatu kwa pamoja, visitenganishwe hata kwenye redio: kinywaji hakina sumu, hatujaona kwamba kinatibu ugonjwa wowote, anayetumia dawa asiache hata siku moja. Rai ya kutoacha dawa ilitolewa na wizara, ila ilikuja nyuma ya neno "salama", ikiwa imetengana nalo, na watu walishaanza kurudi nyumbani.

Kilichotokea mwilini baada ya kikombe

Hapa ndipo kisa kinapopotosha watu wazima wenye akili timamu, kwa sababu wengi waliosema wamepata nafuu hawakuwa wakidanganya. Nafuu ilikuwepo. Mwenye VVU aliyekuwa anatumia stavudini alikuwa anawaka moto nyayoni. Mwenye efavirenzi alikuwa anaota ndoto za kutisha na kuamka na kizunguzungu. Mwenye zidovudini pengine alikuwa amepungukiwa damu. Akiacha dawa, baadhi ya adha hizo hupungua ndani ya siku au wiki chache. Anakula vizuri, analala vizuri, na anashuhudia kwa moyo mweupe kuwa amepona.

Wakati huohuo virusi vinarudi. Kwa kawaida huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki 2 hadi 4 baada ya kuacha dawa, lakini havijitangazi. CD4 hushuka polepole, kwa miezi. Kati ya ushuhuda na ugonjwa kuna nafasi ya kutosha kuwatuma ndugu wengine watano Samunge. Kuna na hatari nyingine isiyoonekana kabisa: mchanganyiko wa dawa wa miaka hiyo ulikuwa na nevirapini au efavirenzi, ambazo hukaa mwilini muda mrefu kuliko wenzake. Ukiacha zote siku moja, wenzake wanaisha haraka na hii inabaki peke yake kwa siku kadhaa au wiki, kwa kiwango kidogo, ikipambana na virusi vinavyoamka. Hapo ndipo virusi hujifunza kuishinda. Mgonjwa akirudi kliniki baadaye, dawa ileile inaweza kuwa haimsaidii tena. Dawa za sasa zenye dolutegravir ni ngumu zaidi kuzoelewa na virusi, lakini ukiziacha virusi hurudi vilevile.

Kipimo nacho kilileta vurugu. Kipimo cha haraka cha VVU hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki hata kwa anayetumia dawa vizuri. Kwa hiyo aliyerudi akapimwa na kukutwa bado "chanya" aliambiwa na wenzake kwamba ni kovu tu, ugonjwa umeondoka. Upande wa pili, mwenye kutumia dawa vizuri ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi angeweza kuambiwa amepona, na kumbe ni dawa zinazofanya kazi. Mwaka 2011 kipimo hicho cha pili kilikuwa adimu. Kwa hiyo hakukuwa na njia rahisi ya kumaliza ubishi nyumbani, na ubishi usiomalizika hushinda mwenye matumaini.

Kisukari kinatofautiana kwa aina. Anayetegemea insulini akiiacha, siku chache zinatosha kumfikisha kwenye hali ya kuzimia na kufa. Anayetumia vidonge anaweza kukaa wiki nyingi akijiona mzima, hasa kama safari imemfanya ale kidogo. Shinikizo la damu ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu kwa wengi halina dalili hata kabla ya kikombe. Mtu anaacha vidonge, hasikii chochote, anahesabu amepona, na dalili ya kwanza inakuwa kiharusi.

Mahali pa kiongozi wa dini

Wapo watakaosema kiongozi wa dini angepaswa kuwazuia waumini wasiende. Kwa Samunge hilo lisingefanya kazi; waliokatazwa wangekwenda kimyakimya, na mtu aliyekwenda kwa siri hurudi kwa siri, bila kumwambia mtu kwamba ameacha dawa. Kiongozi anayejua kazi yake haanzi na kikombe. Anaanza na mfuko wa dawa: "Nenda kama moyo wako unakutuma, lakini nionyeshe dawa zako kabla hujapanda gari." Anahakikisha zinatosha siku za safari mara mbili, kwa sababu foleni haiaminiki. Asiyeweza kukaa mwenyewe anaombewa kitandani.

Maandiko ya kusimamia hapa yapo, na wala si ya kutafuta kwa tochi. Barua ya Yakobo 5:14 inaagiza wazee wampake mgonjwa mafuta na kumwombea, wala haisemi avunje mapatano na tabibu. Paulo anamtaja Luka, "tabibu mpendwa", katika Wakolosai 4:14. Wakatoliki wana Yoshua bin Sira sura ya 38, inayosema mheshimu tabibu, na kwamba mwenye busara hadharau dawa. Kwa Waislamu, Kurani 2:195 inakataza mtu kujitia katika maangamizo kwa mikono yake mwenyewe, na hadithi ya mtu na ngamia wake, mfunge kisha umtegemee Mungu, inajulikana na kila aliyekaa darasani. Shehe akiisoma ijumaa moja kabla ya wagonjwa kuondoka, inafanya kazi kuliko vipeperushi.

Kosa la mara kwa mara makanisani ni kwenye ushuhuda. Mtu anasimama, anasema amepona, watu wanapiga makofi, na kesho yake wengine watatu wanaacha dawa. Kuzuia shuhuda ni kuua ibada. Kinachowezekana ni kumuuliza kwanza, pembeni, kabla hajapewa kipaza sauti. Ugonjwa ulithibitishwa hospitali gani na lini? Umepimwa tena baada ya kuombewa, na kipimo gani? Dawa bado unatumia? Kwa shinikizo la damu kipimo kimoja hakitoshi. Linapimwa siku tofauti, mtu akiwa amekaa na kutulia dakika 5, na likiwa 140/90 au zaidi mara kwa mara bado lipo. Kwa kisukari, sukari ya asubuhi kabla ya kula ya 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari bado, na kipimo cha HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo wiki moja baada ya maombi hakijasema kitu. Kwa VVU hakuna kipimo ambacho mtu anajipima mwenyewe akajitangazia kupona. Asiye na majibu ashuhudie amani aliyoipata, usingizi uliorudi, ndoa iliyotulia. Hivyo navyo ni vya kweli, na havimwachishi mtu dawa.

Upande wa kliniki kuna somo gumu zaidi, kwa sababu linahitaji kumeza kiburi. Mgonjwa aliyerudi kutoka Samunge baada ya miezi minne alikuwa anaogopa kufokewa kuliko anavyoogopa virusi. Aliyefokewa mara moja alihamia kliniki nyingine akajiandikisha kama mgeni, historia yake ya dawa ikapotea, na daktari akamwanzishia dawa zilezile ambazo pengine zilishashindwa. Swali la kwanza linalofaa ni tarehe: "Kidonge cha mwisho ulimeza lini?" Linaulizwa kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza umri. La pili: "Uliacha zote kwa pamoja, au ulizipunguza?" Baada ya hapo vipimo, kisha kuanza tena. Kuhusu kikombe chenyewe muuguzi hana haja ya kubishana. Akisema, "Kikombe umeshakunywa, sasa tunaendelea na hizi," mgonjwa anabaki na imani yake na kadi yake.

Umati wa Samunge ulipungua sana kabla mwaka 2011 haujaisha. Mchungaji Mwasapile alifariki tarehe 30 Julai 2021, akiwa na miaka 86. Jambo moja ambalo hospitali zingeweza kulichukua kutoka kwake bila kugusa mizizi ni ile foleni isiyomtambulisha mtu. Kituo kinachowahudumia wenye VVU, kisukari na shinikizo la damu siku moja, kwenye benchi moja, kwa kadi zinazofanana rangi, kinampa mgonjwa sehemu ya kile alichokifuata Ngorongoro.